Chumba cha Mkalimani na Neno la Kiingereza

Aliyemletea Wakesho habari za kile chumba ni mama mkwe wake, Mkamburi, na alizileta kama mtu aliyebeba nyoka kwenye ungo: mikono imenyooshwa mbele na uso umegeuzwa pembeni.

"Mama Righa, umesikia? Mzee Mwandoe anatoa chumba chake cha mbele."

"Anampa nani, mama?"

"Atakayemweleza neno moja la Kiingereza."

Wakesho aliacha kukanda unga. "Neno moja tu?"

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Mtu hatoi chumba kwa neno moja. Hapo pana kitu."

Kijiji cha Kidongu kiko juu milimani, na hakuna asiyekijua chumba kile. Kinatazama barabara. Kina bati zima na dirisha ambalo mbao yake ukiilaza inakuwa meza ya kuuzia. Wakesho alikuwa akiuza mahamri ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, juu ya kreti la soda, mwanawe Righa akiwa mgongoni, na mvua ya kule haipigi hodi. Mumewe alikuwa mbali kwenye shamba la mkonge. Yeye na mtoto walilala katika jiko la Mkamburi, na moshi wa jiko ulikuwa umeingia kifuani mwa mtoto. Muuguzi alimwambia waziwazi: "Mtafutie huyu mahali pasipo na moshi, mama. Dawa peke yake haitamtosha." Tangu siku hiyo Wakesho alikuwa akikitazama kile chumba kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Mzee Mwandoe mwenyewe alikuwa mkalimani wa mahakama. Miaka mingi alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, maneno ya huyu akiyapeleka kwa yule. Sasa ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na magazeti yake yalikuwa yamelala mezani bila kufunguliwa. Alitaka mtu wa kumsomea kila asubuhi, na mtu huyo angekaa chumba cha mbele bila kodi. Lakini hakutaka yeyote tu.

"Wa kutamka maneno wako tele," alisema. "Hata redio inatamka. Mimi namtaka anayejua anachofanya anaposoma. Basi aje aniambie habari za kitenzi hiki cha Kiingereza, 'read'. Leo kinafanya kazi zipi? Kilitoka wapi? Na kilipita njia gani kutoka kule hadi kufika huku?"

Kijiji kizima kikakunja uso. Wengine walisema mzee anatafuta mke kwa mlango wa nyuma. Mke wa naibu wa chifu aliapa kwamba chumba kimeshapewa mpwa wa mzee, na hayo maswali ni mchezo wa kufunika macho ya watu. Vijana walikwenda na simu zao, wakasoma kwenye kioo, "Maana yake ni kusoma." Mzee akawauliza, "Na kabla ya hapo?" Wakatazamana, wakashuka kilima.

Ndipo wakabaki wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Nyambu alikuwa na masikio. Aliuza chai kwenye kibanda kilichobanwa kati ya zahanati na kituo cha polisi, na neno likipita karibu naye lilikuwa limenaswa. Angeweza kukuambia daktari alisema nini mwaka juzi, na alisema akiwa amevaa viatu gani.

Mghoi alikuwa na subira. Alimaliza kidato cha nne na hakupata pa kwenda, akawa anafundisha watoto kusoma chini ya paa la jirani. Akifungua kitabu hakifungi mpaka kimempa alichokitaka, hata kama chai yake itapoa na kuota ngozi.

Na Wakesho? Yeye alikomea darasa la nane, na mbele ya watu sauti yake ilikuwa ikijificha kooni. Kipaji chake hata yeye hakukijua. Lakini ungempa nyuzi mbili zilizokatika, angekaa nazo kimya, na baada ya muda ungeuona ni uzi mmoja.

Nyambu alitega masikio yake. Msoma mita za maji alipokuja kunywa chai akiwa na mgeni wake wa kutoka mjini, walitumia neno lile kwa kutazama namba za mita. Daktari alilitumia kwa kipima joto, maana hata chombo chenyewe kinaposema joto ni kiasi gani, Kiingereza husema kimesoma. Askari alilipigia kelele redioni, akiuliza kama anasikika. Mkaguzi wa shule alilitumia kwa mwanawe aliyeko chuo kikuu anakosomea sheria. Na mtalii mmoja aliyepotea njia alilitumia kwa ramani, kwa mawingu na kwa uso wa Nyambu mwenyewe, akisema anaiona huruma humo. Nyambu alizifunga kazi hizo zote kichwani, akapanda kwa mzee.

"Matawi ni mazuri," mzee alimwambia. "Shina liko wapi?"

Mghoi naye alikwenda kwa padri, akaomba afunguliwe kabati la kamusi kubwa, ile nzito kama mlango. Akakaa nayo mpaka mtunza funguo akachoka kukohoa. Humo alikuta kwamba hapo zamani za Waingereza wa kale neno lile halikuwa la vitabu. Lilikuwa la kutoa shauri. Lilikuwa pia la kukisia, na la kufumbua ndoto na vitendawili; hata neno lao la kitendawili limezaliwa katika ukoo huo. Mjerumani ana ndugu wa neno hilo, na mpaka leo analitumia kwa kushauri na kukisia, si kwa kusoma. Kwa kusoma yeye alichukua neno lililotoka kwenye kuokota na kukusanya. Mghoi aliyakariri hayo njiani, akapanda kwa mzee.

"Shina ni zuri," mzee alimwambia. "Matawi yako wapi? Na mti ulikuaje kutoka hapa mpaka pale?"

Sasa Nyambu akaanza kumtazama Mghoi kwa pembe ya jicho, na Mghoi akamtazama Nyambu vivyo hivyo. Kila mmoja alijua mwenzake ana kitu. Kila mmoja aliogopa kuuliza, asije akaulizwa. Wakikutana bombani walisalimiana vizuri mno, jambo ambalo huko Kidongu ni dalili mbaya.

Lakini kitu kizito mtu hutaka kukitua. Asubuhi moja Nyambu alisimama kwenye kreti la Wakesho, akanunua hamri, akaanza kujigamba.

"Wewe husemi na watu, kwa hiyo nakwambia. Mimi neno lile ninalo lote. Sikia." Akazitoa kazi zote, moja baada ya nyingine, huku akitafuna. "Ila usimwambie Mghoi. Yule ni mwizi aliyevaa miwani."

Siku ya pili yake alikuja Mghoi. "Mama Righa, wewe huna maneno mengi. Nikikwambia kitu kitakaa?" Akamweleza habari za shauri, ndoto na vitendawili. "Lakini Nyambu asijue. Yule ukimwambia asubuhi, mchana zahanati nzima imeshapona kwa maneno yako."

Wakesho aliwafungia wote wawili mahamri yao, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemshuku. Nani atamshuku mtu anayeona haya hata kudai chenji?

Siku hiyo aliporudi nyumbani alimkuta Mkamburi barazani anachambua maharagwe. Wakesho akaketi kumsaidia. Righa alikuwa anakohoa kitandani.

"Mama," akauliza, "enzi zenu barua ikija, mlifanyaje?"

"Enzi zetu? Wengi wetu hatukujua hata kushika barua, tuliishika juu chini. Kaka yangu alipoandika kutoka Mombasa, tuliipeleka kwa mwinjilisti. Tunampa kigoda, tunampa uji. Anasoma. Akimaliza anaikunja, halafu haondoki."

"Haondoki kwa nini?"

"Ataondokaje na hajatuambia la kufanya? Kusoma ni hivyo. Barua inasema kaka ni mgonjwa. Haya, tuuze mbuzi? Tumfuate? Tungoje? Msomaji ndiye anayetoa shauri. Akiinuka kabla, hakuna wa kumwambia asante. Kijana mmoja wa shule alisoma akainuka, akashika njia yake. Baba alimtuma mtu akamrudisha kutoka ng'ambo ya kilima. 'Rudi ukae! Umetupigia kelele tu, bado hujasoma!'" Mkamburi akacheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Wakesho hakuyaokota. Alibaki na punje moja mkononi. Akaona pale uzi ulipokatika, na akaona ncha zake mbili zikikutana. Kule kwa Waingereza wa kale kulikuwa na mtu wa kushauri na kufumbua mafumbo. Maandishi yakaja, alama zimepangwa kama nyayo za kuku penye tope, na asiyeyajua akaona ni kitendawili. Wakampelekea yule yule mfumbuaji. Akayafumbua, akawaambia la kufanya. Kazi mpya ikachukua jina la kazi ya zamani. Kisha watu wengi wakajifunza maandishi, na shauri likadondoka njiani kama mzigo uliofunguka kamba. Hata hivyo ule ufumbuzi haukupotea: anayetazama uso, mawingu au mita bado anafumbua.

Basi Wakesho alikuwa na shina, matawi, na njia kati yake. Vyote vitatu. Angeweza kufunga leso, kupanda kilima peke yake, na kushuka na ufunguo.

Righa akakohoa tena.

Aliinuka, akafika mpaka kwenye lango la mzee. Hapo akamwona Nyambu anatoka ndani na birika la chai mkononi.

"Ulikuwa unafanya nini humo?" Wakesho aliuliza, na sauti yake ilimshtua hata yeye.

"Nimemletea mzee chai. Kwani chai imekatazwa? Na wewe umefuata nini huku?"

Wakesho alimtazama Nyambu kwa shaka, kisha akageuza shaka hiyo hiyo akajitazama yeye mwenyewe, na hakupenda alichokiona. Mwisho akasema, "Mwite Mghoi. Tukutane hapa kesho, watatu."

"Watatu? Mghoi ana nini?"

"Ana unachokikosa. Na wewe una anachokikosa yeye."

"Na wewe umejuaje?" Nyambu akatua birika. "Ah! Kumbe ulikuwa unatukusanya! Kimya chote kile, kumbe ni mtego!"

Kesho yake walipanda wote, lakini hakuna aliyetaka kutangulia wala kufuata nyuma. Walibanana njia nzima kama watu wanaosindikiza mfungwa, na hakuna aliyejua mfungwa ni nani.

Mzee Mwandoe aliwaketisha kwenye mkeka. Nyambu akasema yake. Mghoi akasema yake. Ilipofika zamu ya Wakesho, alisema macho yakiwa kwenye mkeka, na mara mbili ilibidi mzee amwambie, "Paza kidogo, mwanangu." Akaeleza habari za barua, kigoda na uji, na kijana aliyerudishwa kutoka ng'ambo ya kilima. Mzee alicheka taratibu, akafuta yale macho yake yenye ukungu.

"Sasa mti umesimama," akasema. "Nimeridhika."

Wakangoja. Kuku akapita uani, akaenda zake.

"Umeridhika na nani, mzee?" Nyambu akauliza.

"Na jibu."

"Jibu halilali chumbani! Chumba unampa nani?"

"Hapo sasa," mzee akasema. "Mimi ni mkalimani. Maisha yangu yote nimepeleka maneno huku na huku, na sijawahi kuhukumu hata kuku. Hukumu ilikuwa ya hakimu. Chumba ni cha mmoja. Weka kitanda na kabati, kimejaa. Ufunguo utakuwa kwenye msumari wa mlango. Kesho asubuhi afungue mmoja ambaye wenzake wawili wamemkubali. Msipokubaliana, mpwa wangu yuko Voi, ananisumbua anataka kuweka mifuko ya saruji."

"Mpwa!" wakasema wote watatu kwa pamoja. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Kurudi chini walibishana kila hatua.

"Chumba ni changu," alisema Nyambu. "Mwenye kibanda ananitoa, anataka kujenga duka la dawa. Na bila mimi mngekuwa na neno lililokufa kitambo. Mimi ndiye niliyelikuta likiwa hai, linatembea barabarani."

"Umeokota ya watu," Mghoi akamjibu. "Yako ipi humo? Chumba ni changu. Watoto ninaowafundisha wananyeshewa. Bila shina, matawi yako ni kuni tu."

"Na lako si umelitoa kwenye kamusi ya padri? Basi chumba apewe padri!"

Kisha wote wawili wakamgeukia Wakesho.

"Na huyu?" Nyambu akasema. "Alichukua yangu, akachukua yako, akaongeza hadithi ya mama mkwe."

"Sikuchukua," Wakesho akasema. "Mlinipa. Na ningetaka, ningepanda peke yangu."

"Ulipanda! Nilikukuta langoni!"

Hilo lilikuwa kweli.

"Lakini alirudi," Mghoi akasema polepole. Kisha akajikaza, kama aliyeona ameteleza. "Sijasema chumba ni chake. Nimesema alirudi."

Nyumbani, Mkamburi alisikia habari yote, mikono kiunoni. "Mnagombana nyinyi, na barua ni za nani? Uji ni wa nani? Baba aliyemrudisha yule kijana ni wa nani? Mimi mbona hakuna anayenitaja?"

"Unakitaka chumba, mama?"

"Nikifanyie nini? Nataka kutajwa tu."

Asubuhi iliyofuata Wakesho alikaanga mahamri kama kawaida, akamfunga Righa mgongoni, akapanda na kreti lake. Alidhani amewahi. Kumbe Nyambu alikuwa ameshasimama upande mmoja wa mlango, leso imelowa umande, na Mghoi upande wa pili, miwani imeota ukungu. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari. Kila mmoja alikuwa amekuja kuulinda dhidi ya wenzake.

"Nani amekubali nani?" Mghoi akauliza.

Barabarani watu wa gulio walikuwa wameanza kupita.

Wakesho akanyoosha mkono, akautungua ufunguo. Wenzake wakaruka.

"Ameuchukua! Si nilikwambia?"

"Nimeushika," Wakesho akasema. "Sijafungua." Akaufunga kwenye ncha ya leso yake, mbele ya macho yao, akaligeuza kreti, akapanga mahamri juu yake, akaketi mbele ya mlango. Righa akakohoa kidogo, akalala tena. Kisha yule mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa ikijificha kooni akamwita mpita njia wa kwanza, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

"Shangazi! Njoo, hamri ni la moto. Kaa kidogo. Hapa pana watu watatu na mlango mmoja. Mmoja alileta neno jinsi linavyoishi leo. Mmoja alileta lilikozaliwa. Mmoja alileta njia iliyounganisha huko na huku, akiwa na ya wenzake mkononi. Na yuko mama nyumbani aliyemwaga maharagwe. Ungempa nani ufunguo?"

Yule shangazi akatafuna, akafikiri, akajibu. Aliyefuata akajibu vingine. Jua likapanda, na njia ya yule mpwa kutoka Voi ilikuwa wazi, na kreti likawa linapungua mahamri bila kuongezeka jibu.

Nawe umepita hapo mlangoni, umeketi, umesikia mpaka mwisho. Desturi ya kina Mkamburi unaijua sasa: usiinuke bado. Watatu hao wanakutazama, na mtoto anakohoa. Unashauri ufunguo apewe nani?